CG125 ya Kichina inakata umeme kwenye mashimo kisha unarudi wenyewe: tutafute unapokatikia

#1 Spana10

Habari zenu wakuu.

Pikipiki ni ya Kichina, injini aina ya CG125, ina stata na kiki, betri ya volti 12, 7Ah. Ikiingia barabara ya mashimo, taa ya nyutro, honi, indiketa na stata vinakata kwa pamoja. Baada ya sekunde mbili tatu vinarudi. Mara nyingine injini inaendelea kuunguruma kama hakuna kilichotokea, mara nyingine inazima kabisa na kiki haisaidii mpaka usukani uchezeshwe. Ikifika gereji kila kitu kinawaka.

Vilivyobadilishwa: betri, rektifaya (kifaa kinachochaji betri), plagi. Fyuzi haijaungua hata mara moja. Ila balbu ya nyutro imeungua mbili ndani ya mwezi mmoja na flasha ya indiketa imekufa.

Naomba njia ya kupima. Orodha ya vipuri vya kununua ninayo tayari, kila fundi anaongeza chake.

#2 Ampea_Saba

Mkuu Spana10, pole kwa gharama. Umetaja jambo la maana sana, kwamba injini mara inaendelea na mara inazima. Tuanzie hapo.

Kwenye CG nyingi za Kichina CDI, yaani kile kiboksi kinachorusha moto wa plagi, ni ya AC. Maana yake moto wa plagi unatoka kwenye maginito (jenereta ndogo inayozungushwa na injini) moja kwa moja, betri haihusiki. Waya mweusi wenye mstari mwekundu unaleta umeme kutoka koili ya maginito hadi CDI, wa bluu wenye mstari mweupe unaleta ishara ya pulsa (inayoiambia CDI wakati wa kurusha moto), na mweusi wenye mstari wa njano unapeleka kwenye koili ya plagi. Ukitoa betri nzima ukapiga kiki, injini inawaka.

Sasa inazimwaje? Ukizima funguo, swichi inaunganisha waya mweusi wenye mstari mweupe na waya wa kijani, ambao ni ethi, yaani njia ya hasi iliyoungwa na fremu. CDI ikipigwa ethi hapo, moto unapotea. Swichi ya kuzimia ya mkono wa kulia nayo, kama ipo, inatumia waya huohuo.

Kwa hiyo una matatizo mawili yaliyo kinyume. Honi na nyutro vinakata kwa sababu waya fulani *umeachana*. Injini inazima kwa sababu waya fulani *umegusana*. Fundi anayetafuta kitu kimoja kilichokufa hatakipata, kwa sababu hakuna kilichokufa.

Swali la kujibu ni hili: ni wapi ambapo waya unaoweza kuachana na waya unaoweza kugusa fremu vinapita pamoja, na panachezacheza usukani ukigeuka? Mimi naona sehemu tatu: swichi ya funguo yenyewe, soketi yake ndani ya taa kubwa, na shingo ya usukani.

Usifungue chochote bado. Ukivutavuta waya kabla ya kupima, tatizo linaweza kupotea wiki nzima halafu likarudi usiku.

(Rangi nilizotaja zinafuata mtindo wa Honda, na CG nyingi za Kichina zimeuiga. Hata hivyo zihakikishe kwenye yako, hasa kama wayaringi, yaani bunda la nyaya zote, imeshawahi kubadilishwa.)

#3 Bi_Maginito

Nakubaliana na Ampea_Saba, ila kuna dalili moja mmeipita haraka: balbu za nyutro na flasha kuungua. Hiyo haitoki kwenye swichi.

Fuata waya mwekundu kutoka betri. Kwenye wayaringi ya CG unapita kwanza kwenye fyuzi, kisha unakutana na waya mwekundu wa rektifaya, kisha unakwenda swichi ya funguo. Swichi ikiwashwa, moto unatoka kwa waya mweusi kwenda honi, flasha, nyutro, taa ya breki na kitufe cha stata.

Sasa tazama. Fyuzi ikipoteza mguso injini ikiwa inazunguka, rektifaya bado inalisha waya uleule, ila betri haipo tena ya kumeza ziada. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ikitoka, volti zinaruka kila ukipiga resi. Taa ya nyutro inametameta, inakuwa kali, kisha balbu inakufa. Flasha ya kielektroniki inafuata.

Lakini ukikatika *baada* ya hapo, kati ya makutano ya rektifaya na swichi, au ndani ya swichi, basi vitu vyote vinazima kimya hata injini ikiwa inaunguruma. Hakuna kumetameta.

Spana10 anaeleza kuzima kimya, na pia ana balbu zilizoungua. Kwa hiyo usishangae ukikuta sehemu mbili mbovu upande wa kuachana peke yake.

Jaribio la kufanya ukiwa barabarani, kwa sababu gereji tatizo haliji:

Chukua balbu mbili za indiketa za wati 10 na soketi zake, nyaya za mita moja na nusu kila moja. Balbu ya kwanza, tuiite A, chanya yake iunge kwenye waya mwekundu *baada* ya fyuzi, karibu na soketi ya rektifaya. Balbu B iunge kwenye waya mweusi, mfano pale kwenye flasha. Hasi za zote mbili zipeleke moja kwa moja kwenye nguzo hasi ya betri, sio kwenye fremu, ili ethi mbovu isikuchanganye. Kwenye kila chanya weka fyuzi ya ampea 3. Zifunge juu ya tangi kwa tepu mahali unapoziona bila kuinama, na mtu wa pili awe ndiye mtazamaji.

Pita kwenye mashimo taratibu. A ikimetameta au ikiwa kali kwa resi: shida ni betri, nguzo zake au fyuzi. A imetulia lakini B imezima: shida iko kati ya makutano na swichi, au ndani ya swichi. Zote zinawaka vizuri lakini honi imekata: tatizo liko mbele zaidi, au kwenye ethi ya mbele.

Balbu mbili hizo zinakula ampea 1.7 hivi. Jaribio la nusu saa halimalizi betri ya 7Ah.

#4 Kijiwe_cha_Juu

Mbona mnamzungusha. Injini ikiwaka achomoe betri, kama honi inaendelea kulia basi rektifaya ni nzima. Na hiyo fyuzi atoe aweke waya wa shaba, fyuzi za kioo ndizo zinazosumbua.

#5 Ampea_Saba

Ndugu yangu, naomba wasomaji wasifanye yote mawili.

Kuchomoa betri injini ikizunguka ndiko kulekule Bi_Maginito alikokueleza hapo juu. Unatengeneza kwa makusudi lile tatizo linaloua balbu na flasha. Chaji inapimwa na betri ikiwa mahali pake: mita kwenye nguzo mbili za betri, injini karibu mizunguko 4,000 kwa dakika, usome kati ya volti 13.5 na 14.8. Chini ya 13 haichaji, juu ya 15 rektifaya haizuii.

Na waya badala ya fyuzi: siku mwekundu utakapogusa fremu, kitakachoungua ni wayaringi yenyewe, chini ya tangi la petroli. Betri ndogo ya 7Ah ikipigwa shoti inatoa makumi ya ampea, inatosha kuufanya waya uwe mwekundu kwa joto na kuyeyusha plastiki ya jirani zake wote. Fyuzi ikisumbua, badilisha *kishikio* chake, na uweke fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa. Kwenye pikipiki hizi ni 10 au 15.

Hapo una haki kwenye jambo moja: fyuzi za kioo zinasumbua kweli. Ndani ya kishikio kuna springi au vibati viwili. Vikipata joto vinalegea, vikilegea mguso unapungua, mguso ukipungua joto linaongezeka. Na fyuzi yenyewe inaweza kuwa imeachia kwenye kofia yake ya bati. Ukiipima mkononi inaonyesha nzima, ukiitikisa inakata. Ishike kwenye mwanga, zungusha kofia kwa kucha polepole. Kama kofia inacheza juu ya kioo, itupe, hata kama uzi wake wa ndani unaonekana mzima.

#6 Spana10

Wakuu nashukuru sana. Majibu ya leo.

Betri imepumzika usiku: 12.7. Injini ikiwa na resi: 14.2. Kwa hiyo betri na rektifaya viko sawa.

Nimefunga balbu A na B kama alivyoelekeza dada Bi_Maginito. Kwenye mashimo A imemetameta mara nne. B imezima kabisa mara mbili huku A ikiwa imetulia, na mara zote mbili usukani ulikuwa umekatwa kushoto. Mara moja kati ya hizo injini ilizima papo hapo.

Kuna kitu kingine. Nimesimama, funguo imewashwa, nimekanyaga breki. Mita nimeiweka kwenye volti, ncha moja upande huu wa fyuzi na nyingine upande ule. Inasoma 0.45. Hiyo ni kawaida?

#7 Bi_Maginito

Si kawaida. Fyuzi na kishikio chake, kwa mzigo huo, inapaswa kusoma chini ya 0.1. Ukijumlisha taa ya breki ya wati 21, nyutro, na balbu zako A na B, unapitisha kama ampea 4. Ampea 4 mara volti 0.45 ni karibu wati 2 za joto ndani ya plastiki ndogo kama kidole. Ndiyo maana springi imelegea. Hiyo ni kasoro yako ya kwanza na ndiyo inayoua balbu.

Weka kishikio cha fyuzi bapa kama za magari, chenye kifuniko cha mpira. Mkia wake uwe waya wa milimita mraba 1.5 au zaidi. Wakati wa kufunga anza kwa kutoa hasi ya betri, malizia kwa kuirudisha hasi. Spana ikigusa fremu ukiwa kwenye chanya na hasi bado ipo, utaona cheche kubwa.

Kasoro ya pili iko mbele, kwenye usukani.

#8 Lehemu_Safi

Niko Nakuru, nafuatilia huu uzi. Naomba kuongeza jambo kuhusu mita, kwa sababu wengi hapa ndipo wanapotea.

Waya wenye uzi mmoja wa shaba uliobaki utasoma volti 12 kamili kwenye mita. Mita haili stima yoyote, kwa hiyo hata unywele mmoja unatosha kuipelekea volti. Weka mzigo uone. Balbu ya wati 21 ikiwaka ina kama omu 7. Omu 1 ya ubovu kwenye njia inaipunguzia volti moja na nusu. Omu 10 inaifanya iwe nyekundu kama kaa la sigara. Lakini mita peke yake ingekuambia 12.6 katika hali zote tatu.

Kwa hiyo ukifika kwenye soketi ya swichi, usipime kavu. Balbu ya wati 21 iwe imening'inia kati ya sehemu unayopima na nguzo hasi ya betri, na mita iwe sambamba nayo. Halafu ndipo ugeuze usukani.

#9 Ampea_Saba

Asante Lehemu_Safi, hilo liandikwe ukutani.

Spana10, sasa fungua taa kubwa. Ndani utaona soketi ya swichi ya funguo yenye nyaya nne: nyekundu, nyeusi, nyeusi-nyeupe, kijani. Fanya hivi kwa mpangilio huu.

Kwanza, soketi ikiwa imeunganishwa, sindano ya mita na balbu ya wati 21 kwenye waya mwekundu kwa nyuma ya soketi. Usukani katikati, soma. Geuza kushoto mpaka mwisho, soma. Geuza kulia, soma. Ikianguka hapo, kasoro iko *kabla* ya swichi, yaani shingoni. Swichi haina kosa.

Pili, hamia waya mweusi, funguo imewashwa, rudia. Mwekundu ukiwa imara na mweusi ukianguka, swichi au soketi yake ndiyo mbaya. Itikise funguo ndani ya tundu bila kuizungusha. Vibati vya ndani vikiisha, uzito wa bundi la funguo unatosha kuviachanisha.

Tatu, upande wa injini kuzima. Chomoa soketi ya swichi *na* soketi ya CDI. Lazima zote mbili, la sivyo CDI itakupa masomo ya uongo. Swichi ya mkono wa kulia iwe kwenye RUN. Mita kwenye omu, ncha moja kwenye mweusi-mweupe, nyingine kwenye fremu iliyokwanguliwa rangi. Isisome kitu. Geuza usukani. Ikisoma karibu sifuri mahali popote, umempata.

Na jaribio la haraka kwa wasio na mita: kwenye CDI ya AC, soketi ya swichi ikiwa imechomolewa, mweusi-mweupe hauwezi kupigwa ethi na swichi. Piga kiki, injini iwake, geuza usukani kulia na kushoto. Ikizima, kosa si la swichi ya funguo. Ukitaka kuizima tumia swichi ya mkono, au weka gia ya nne, kanyaga breki na uachie klachi taratibu.

#10 Spana10

Majibu:

Mwekundu kwenye soketi, na balbu ya 21W: usukani katikati 12.1, kulia 12.1, kushoto mwisho inaanguka hadi 3 na kidogo, balbu inakuwa nyekundu kisha inazima.

Mweusi-mweupe kwa fremu: katikati hakuna kitu. Kushoto mwisho, na nikisukuma wayaringi kwa kidole juu ya shingo, 0.4 omu.

Kwa hiyo vyote viwili viko shingoni. Nimetoa tangi na kukata tepu. Picha sijaweza kupakia, naeleza. Wayaringi imefungwa kwa tai ya plastiki iliyokazwa sana kwenye kibati cha fremu upande wa kulia wa shingo. Usukani ukienda kushoto wayaringi inavutwa na kukunjwa palepale kwenye tai. Waya mwekundu kwa nje ni mzima kabisa, lakini ukiubana kwa vidole viwili kuna sehemu ya kama sentimita moja laini, kama mrija mtupu. Ukiuvuta unarefuka kama mpira. Nimepasua ganda: nyuzi tatu tu zimebaki, nyingine zimekatika na kuwa unga wa kijani. Mweusi-mweupe, jirani yake, ganda limelika kwa urefu wa milimita nne na shaba inang'aa, palepale unapolalia ukingo wa kibati.

#11 Ampea_Saba

Hapo ndipo. Betri mpya na rektifaya mpya zisingeligusa hilo hata miaka kumi.

Huo waya unaorefuka kama mpira ni dalili ya kukumbukwa. Shaba hairefuki hivyo. Ukivuta waya na ganda likafuata mkono, ndani hakuna shaba. Na wayaringi nzima inaweza kukaguliwa hivyo bila kupasua kitu: vuta kila waya polepole kwa sentimita tano tano, kuanzia shingo mpaka ndani ya taa. Kagua pia kijani wa ethi na mweusi waliopita hapohapo. Wameishi kwenye mkunjo uleule kwa muda uleule.

Sasa matengenezo, na hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Usiunge palepale pa mkunjo.

#12 Lehemu_Safi

Naomba niendelee na hilo la kuunga.

Kata waya mwekundu sentimita 15 kabla ya shingo, upande wa chini ya tangi, na sentimita 15 baada yake, upande wa taa. Ondoa kipande chote cha katikati. Weka waya mpya wa magari wenye nyuzi nyingi, milimita mraba 1.5 kwa mwekundu na mweusi, 0.75 hadi 1 kwa mweusi-mweupe. Waya wa nyumba wa uzi mmoja usiuguse, kwenye mtikisiko unavunjika. Maungio mawili kwa kila waya, yote yakiwa kwenye sehemu iliyonyooka na isiyocheza.

Maungio ya jirani yasilingane. La mwekundu likiwa hapa, la mweusi liwe sentimita tatu mbele, ili hata mpira ukitoboka yasigusane, na kifurushi kisiwe na uvimbe mmoja mkubwa.

Shaba ya zamani ikiwa nyeusi au ya kijani, risasi ya kulehemia haishiki. Rudi nyuma mpaka uone shaba nyekundu inayong'aa. Kama weusi umepanda sana, kwangua nyuzi kwa msasa laini.

Kuna ubishi wa siku zote kati ya kulehemu na kubana ncha mbili za waya ndani ya kibomba cha shaba. Mimi nalehemu, kwa sababu koleo zuri la kubania ni ghali na la bei rahisi linabana nusu. Lakini ujue udhaifu wa lehemu: risasi inapanda ndani ya nyuzi chini ya ganda, waya unakuwa mgumu kama msumari, na unavunjika pale ugumu unapoishia. Ndiyo sababu ungio linahitaji sehemu isiyocheza, na mpira wa kusinyaa kwa joto uvuke ungio kwa sentimita mbili kila upande. Mpira uutie kwenye waya *kabla* ya kulehemu, mbali na joto.

#13 Bi_Maginito

Mimi nabana, na naomba niseme kwa nini. Kwenye shingo, waya mgumu ni hatari kuliko ungio dhaifu kidogo. Kibomba cha shaba kisicho na plastiki, kikibanwa kwa koleo lenye meno ya kazi hiyo, kinaacha waya ulegee mara tu unapotoka. Kipimo: vuta kwa nguvu za mikono miwili. Ikichomoka, ilikuwa ichomoke barabarani.

Lakini tukikubaliana ungio liko chini ya tangi na limetulia, njia zote mbili zinafaa. Ninachokataa ni kusokota na kuzungushia tepu. Jua likipiga tangi gundi ya tepu inayeyuka, inateleza, na unabaki na shaba tupu inayonata vumbi.

#14 Chomeka_Chomoa

Wakuu samahani kudandia. Yangu inafanana kidogo: injini inazima ikishapata moto, dakika 20 hivi, honi na taa zote ziko sawa. Ikipoa robo saa inawaka. Hii nayo ni shingo?

#15 Ampea_Saba

Hapana mkuu, hiyo ni njia nyingine. Kinachofuata joto badala ya usukani mara nyingi ni koili ndani ya maginito, yaani pulsa au ile inayolisha CDI, au koili ya plagi, au CDI yenyewe.

Pima omu za koili za maginito kwenye soketi yake zikiwa baridi, andika. Endesha mpaka izime, pima tena hapohapo kabla haijapoa. Shaba ikipata joto omu hupanda kidogo, karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Kwa hiyo iliyokuwa 150 ikisoma 180 au 185 ni sawa. Ikisoma hakuna kitu kabisa, waya wa koili umekatika ndani na unaachana ukitanuka. Hiyo ndiyo mbovu. Koili zikiwa sawa moto na baridi, azima CDI ya mwenzako mwenye pikipiki ileile kabla ya kununua.

Pima pia kofia ya plagi: nyingi zina omu 5,000. Ikisoma makumi ya maelfu, au haisomi, badilisha.

#16 Mkono_wa_Gia

Na kwa sisi ambao CDI inalishwa na betri? Ikikata kila kitu kinakufa na injini pia.

#17 Bi_Maginito

Kwanza hakikisha ni DC kweli. Injini ikiwa *imezimwa*, toa fyuzi, chomoa soketi ya rektifaya, washa funguo, piga kiki plagi ikiwa nje na imegusa injini. Shika kofia kwa koleo lenye mpira, na uwe mbali na petroli. Cheche zikitoka ni AC. Zisipotoka, ukirudisha fyuzi zikatoka, ni DC.

Kwa DC kazi ni rahisi kiasi, kwa sababu unatafuta kuachana tu. Nguzo za betri, fyuzi, mwekundu wa shingoni, swichi, na ethi. Balbu A na B zinafanya kazi vilevile. Nguzo za betri ndizo za kwanza: bolti iliyokazwa juu ya washa tatu zenye kutu, na nati iliyokaa kombo. Toa vyote, kwangua mpaka bati ling'ae, kaza, *kisha* paka mafuta ya mgando juu yake. Ukipaka kabla unaweka mafuta mahali pa mguso.

Ethi msisahau. Stata ikizunguka, ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Ikizidi 0.2 fungua bolti ya ethi, kwangua rangi chini yake.

#18 Spana10

Wakuu, kazi imekwisha.

Nyaya nne zimebadilishwa shingoni: nyekundu, nyeusi, nyeusi-nyeupe, na kijani. Kijani nayo ilikuwa imebaki nusu. Nimelehemu chini ya tangi na ndani ya taa, maungio yamepishana. Kishikio cha fyuzi ni bapa, fyuzi ya 15 kama ya mwanzo. Kibati kilichokuwa kinakata nimekipiga tupa ukingo na kukivisha kipande cha mpira wa mrija wa petroli kilichopasuliwa.

Vipimo baada ya kazi, balbu ya 21W kwenye waya mweusi, funguo imewashwa. Kutoka nguzo chanya ya betri hadi mweusi: 0.18. Nikigeuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara ishirini haisogei. Kwenye fyuzi: 0.03. Mweusi-mweupe kwa fremu: hakuna kitu, pande zote. Balbu A na B bado ziko juu ya tangi, nimepita mashimo yaleyale, hakuna hata moja iliyopepesa.

Swali la mwisho. Tai ya shingoni niirudishe wapi?

#19 Ampea_Saba

Safi sana mkuu. 0.18 kwa njia nzima ni kazi nzuri.

Tai usirudishe kwenye kibati kile. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, wayaringi ikiwa huru, uone inataka kulala wapi yenyewe. Ifunge hapo, kwenye fremu, kama sentimita 10 nyuma ya shingo. Tai ya pili ifunge kwenye upande unaogeuka, karibu na taa. Kati yake acha tao lililolegea lisilokazika usukani ukiwa mwisho upande wowote. Tai ikazwe kiasi cha wayaringi kuteleza ukiisukuma kwa kidole. Isikaze mpaka iache alama kwenye tepu.